Fundi Aliyetoa Mkasi

Mpaka leo nikipewa fomu yenye visanduku vya kuweka alama, mkono unakuwa mzito. Iwe benki, iwe shuleni kwa wajukuu, iwe ofisi ya serikali ya mtaa, nasikia hasira inapanda kabla sijashika kalamu. Nyumbani wananijazia wao. Wanadhani ni uvivu wa uzee, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. Chanzo nakijua. Ni mwanamume mmoja aliyevaa tai kwenye joto la Dar es Salaam, mwezi wa pili, ndani ya wodi isiyo na feni.

Alitujia miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, wakati kila kitu ama kilikuwa kinafunguliwa ama kinafungwa. Maduka ya Kariakoo yalijaa vitu ambavyo tulishavisahau: sabuni za kunukia, redio za Kijapani, mitumba inayoshushwa robota baada ya robota mpaka njia haipitiki. Viwanda na mashirika ya umma yakafungwa upande wa pili. Watu waliovaa saa na viatu vya kung'aa wakajikuta wamekaa nyumbani saa nne asubuhi, hawajui waiweke wapi mikono yao. Wengine waliletwa kwetu. Wodi yetu ya wagonjwa wa akili ilijaa hadi tukatandika mikeka katikati ya vitanda. Mimi nilikuwa nesi, umri thelathini na kitu, mkazi wa Magomeni, na nilikuwa na mdomo. Hilo la mdomo naliweka mapema ili msomaji asije akanionea huruma ambayo sikuiomba.

Mwenye tai alikuwa mtaalamu wa saikolojia, Mtanzania mwenzetu aliyerudi kutoka masomoni nje. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alizungumza nasi polepole, akituangalia midomo, utadhani sisi manesi ndio tulioletwa kutibiwa. Alikuja na kitu alichokiita kipimo. Tulipowaambia wagonjwa kwamba leo kuna kipimo, walikunja mikono ya mashati wakisubiri sindano. Kumbe ilikuwa karatasi: maswali ishirini aliyoyatafsiri mwenyewe, yakadurufiwa kwa wino uliotuchafua vidole. Karatasi ile ilitakiwa kutuambia mgonjwa yupi yuko katika hatari ya kujiua.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila swali lilikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Ukiweka alama kwenye Ndiyo, mgonjwa anapata moja, mwisho unajumlisha. Aliyefikisha kiwango alihamishiwa chumba kilichotazamana na meza yetu, akaondolewa mkanda na kila kitu cha kumdhuru, tukawa tunamwona muda wote. Aliyepata chache aliruhusiwa kwenda nyumbani, kitanda kikapata mwenyewe mwingine.

Nilichaguliwa mimi kuuliza, eti nina mwandiko unaosomeka. Mtaalamu alinikalisha ofisini kwake akanipa masharti.

"Soma swali kama lilivyo, sista. Usiongeze neno, usimsaidie kujibu. Akijibu, weka alama, nenda swali linalofuata."

"Na akisema kitu kingine?"

"Kitu kingine si jibu."

Nilitaka kumuuliza kama mama yake mzazi aliwahi kumjibu swali lolote duniani kwa ndiyo au hapana halafu akanyamaza. Nikameza. Siku zile bado nilikuwa najua kumeza.

Nisimsingizie: maswali yenyewe hayakuwa ya kijinga. Unalala? Unakula? Unajiona mzigo kwa watu wako? Umewahi kufikiria kuuondoa uhai wako? Haya ni mambo ya kuuliza, na kabla yake tulikuwa hatuyaulizi kabisa, tulikuwa tunagawa vidonge na kufunga madirisha. Ujinga ulikuwa kwenye jinsi tulivyouliza. Kitanda na kitanda vimeachana hatua moja, ndugu wa mgonjwa wa pembeni ameketi na chupa yake ya uji, masikio wazi, na mimi nimesimama na ubao wa kuandikia nauliza kwa sauti ya kusomea mahudhurio iwapo mtu mzima mwenye dini yake anataka kujiua. Atasema nini? Atasema astaghfirullah. Nami nitaweka alama kwenye Hapana.

Halafu kuna lile jambo ambalo mtaalamu alilijua vizuri, maana alizaliwa nalo, ila shahada ilimsahaulisha. Sisi ukituuliza hali, jibu la kwanza ni zuri. Huwa zuri hata kama maiti iko ndani. Habari za nyumbani? Nzuri tu. Watoto hawajambo? Hawajambo. Mzee anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Kimya kidogo. Halafu ndipo mtu anashusha pumzi na kusema: ila mzee tumemzika jana. Hakuna aliyedanganya hapo. La kwanza ni adabu, la pili ndiyo habari yenyewe, na mwenye akili timamu anasubiri la pili. Fomu haikuwa na mahali pa la pili.

Mtu wa kwanza kunionyesha hilo alikuwa mama mmoja, karani wa kupiga chapa katika shirika moja pale Posta, kabla shirika halijafungwa. Hata wodini vidole vyake vilikuwa vikipigapiga mapajani, haraka haraka, kama ana barua ya kumaliza kabla ya saa tisa. Nilimsomea maswali yote ishirini. Hapana. Hapana. Hapana, nashukuru. Alijibu kwa heshima, ameketi wima, akanipa alama moja tu, ile ya usingizi. Nikaikunja fomu. Ndipo akasema, sauti ya chini:

"Ila nimechoka, sista."

Nami nikamjibu, "Pole mama. Sasa si unaenda nyumbani, utapumzika."

Nimeyaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, sikupunguza hata moja. Aliruhusiwa Ijumaa. Jumanne iliyofuata mwanawe alikuja kuchukua kitambulisho na miwani iliyosahaulika kabatini. Nikamsalimia, nikamuuliza mama anaendeleaje. Akaniambia anaendelea vizuri. Nikasubiri. Akaniambia mama amejiua.

Nilikwenda kwa mtaalamu saa ileile. Nilimweleza kwamba alisema amechoka, kwamba nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba fomu haikuwa na mahali pa kuliandika neno lile. Alivuta faili, akaangalia jumla, akalegeza tai. Nilidhani atalia. Kisha akasema, "Kipimo kilionyesha hatari ndogo. Utaratibu haukukosewa, sista."

Nilimchukia. Sitafuti neno la upole. Nilimchukia kwa sababu alikuwa na karatasi ya kujificha nyuma yake, na mimi sikuwa nayo. Lakini niliporudi Magomeni jioni, nikiwa nakuna nazi, nilijua kwamba aliyesema utapumzika hakuwa yeye. Ilibidi niendelee kumchukia kwa nguvu zaidi, maana nikimwachia ingebaki zamu yangu.

Fundi alikuja baada ya hapo. Alikuwa fundi cherehani wa Kariakoo, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, wa familia ya Kiislamu iliyokaa mji huu tangu babu wa babu. Nilimfahamu. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, na gauni langu la kwanza la unesi alilishona yeye. Alinipima mara mbili akidai manesi wapya hunenepa wakianza kupata mshahara, hivyo anaacha upindo wa akiba. Nilikasirika sana. Mwaka uliofuata upindo ule niliufumua.

Mitumba ndiyo iliyommaliza. Nani atanunua kitambaa, asubiri wiki nzima, wakati shati la Ulaya linaning'inia pale mbele linamsubiri? Wateja walipungua mpaka wakaisha. Kaka yake ndiye aliyemleta. Alitueleza kwamba fundi alikuwa anakwenda barazani kila asubuhi, anaketi, anakanyaga cherehani tangu saa mbili hadi adhuhuri, bila uzi, bila kitambaa. Akiulizwa anashona nini hajibu. Baadaye akaacha na kula.

Wiki tatu za dawa zikamfufua. Alianza kuoga bila kuambiwa. Alisalimia kila kitanda. Alituliza wagonjwa wanaogombana, akamtania sista mkuu wa wodi kwamba kola yake imekaa upande. Kila mtu alifurahi. Mimi nilifurahi nusu. Ule utulivu ulinikera, sikujua kwa nini. Mtu aliyepoteza kazi ya maisha yake anatoka wapi na wepesi ule, utadhani ameshamaliza shughuli zake zote mjini?

Asubuhi moja nikaambiwa nimpime, kitanda chake kinahitajika.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, sista wangu. Lete hicho kipimo chako, mkono wa shati nikunje?"

"Usikunje."

Tukacheka. Nikasoma maswali ishirini. Hapana, hapana, alhamdulillahi hapana. Swali la kuondoa uhai alilijibu kabla sijalimaliza, akapandisha na nyusi kwamba nimemkosea adabu. Jumla ikawa alama mbili. Safari hii sikukunja fomu. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo lilikatazwa, nikatazama dirishani na kunyamaza. Alikohoa. Akanyoosha shuka. Akaniuliza kama mvua imenyesha Magomeni. Nikasema haijanyesha. Nikanyamaza tena.

"Ila ile cherehani," akasema, "nimemwambia kaka ampelekee yule mwenzangu wa baraza ya jirani. Na pasi. Na mkasi nimempa."

"Umemwazima?"

"Nimempa. Mimi mkasi wa nini tena, sista?"

Alisema kwa uchangamfu, utadhani anagawa maembe ya uani. Niliwahi kumwomba mkasi ule siku moja barazani nikate uzi uliokuwa umening'inia kwenye kanga yangu. Aliniangalia kama niliyemwomba meno yake. Aliukata uzi yeye mwenyewe, kwa wembe, na mkasi akauweka chini ya paja. Fundi hampi mtu mkasi wa kitambaa. Hampi hata mkewe, kwa hofu atakata nao karatasi na kuutia butu. Anaweza kuuza cherehani akanunua nyingine, akakopesha pasi, akagawa vitambaa vya wateja waliokimbia. Mkasi anaondoka nao.

Nilikwenda kwa mtaalamu. Nilimweleza habari ya mkasi. Alisikiliza huku anaitazama fomu.

"Alama mbili," akasema.

"Mtaalamu, fundi hatoi mkasi."

"Sista, tukianza kufuata mikasi, kesho utaniletea ndoto. Kuna wagonjwa sakafuni. Anaruhusiwa kesho baada ya raundi."

Sikubishana. Nilichofanya ndicho kinachonifanya niandike haya. Nilichukua fomu mpya kabatini, nikaandika jina la fundi na tarehe ileile. Nikaketi chumba cha dawa, mchana kweupe, nikaijaza mwenyewe. Unajiona mzigo kwa watu wako? Ndiyo. Unaona maisha hayana maana? Ndiyo. Umewahi kufikiria kuuondoa uhai wako? Nikaweka alama kwenye Ndiyo, nikakandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nilijibu kwa niaba yake, na nadhani kwa niaba ya yule mama pia, kwa hasira, bila kusoma vizuri baadhi ya maswali. Jumla ikapita kiwango kwa mbali. Nikaipeleka kwa sista mkuu, nikasema nimerudia kipimo na hali imebadilika. Yeye hakujua lolote. Kabla ya alasiri fundi alikuwa amehamishwa chumba cha kutazamwa, mkanda umechukuliwa, suruali ameishika kwa mkono.

Sikufikiria aibu yake. Nakiri. Nilifikiria kifo tu, nikasahau kwamba mtu anaweza kuwa hai na kuvuliwa heshima. Habari ilizunguka wodi nzima kabla ya chakula cha jioni: yule mcheshi, yule anayeswali safu ya mbele, kumbe anataka kujiua. Wagonjwa wakaacha kumtania. Jirani aliyekuja kumtazama akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

Kesho yake ikafika raundi. Tulikuwa sita tumekizunguka kitanda kile: daktari mkuu, mtaalamu, sista mkuu, kaka wa fundi aliyekuja kumchukua mgonjwa akakuta mambo yamegeuka, mimi, na fundi mwenyewe. Daktari mkuu alikuwa mzee wa Kihindi, mkazi wa Upanga, mtu wa maneno machache aliyetembea wodini mikono nyuma. Mtaalamu akasoma fomu ya juu, akakunja uso, akamgeukia fundi.

"Umesema mwenyewe kwamba umefikiria kujiua."

"Mimi?"

"Hapa umejibu ndiyo."

Fundi akaniangalia. Nimeangaliwa kwa chuki mara nyingi maishani, nyingine nilizistahili, lakini sijawahi kuangaliwa vile.

"Huyu?" akasema, akaninyooshea kidole, mkono mwingine umeshika suruali. "Mwanamke huyu ni mwongo! Nimesema hapana mbele ya Mungu. Nilimshonea nguo huyu, leo ananivua nguo mbele za watu! Kaka, unasikia wanavyonisema?"

Kaka alisikia. Aliinamisha kichwa. Mtaalamu akafungua jalada lake taratibu, akatoa fomu ya kwanza niliyompelekea mwenyewe, akaziweka zote mbili juu ya shuka. Mgonjwa mmoja, siku moja, majibu mawili, mwandiko mmoja. Tundu la penseli kwenye karatasi lilionekana hata kwa aliyesimama mbali.

"Sista," akasema, "umepika majibu."

"Nimepika."

Nilisikia sista mkuu akivuta pumzi. Mtaalamu alikuwa na haki, na alijua ana haki, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akaeleza kwamba kipimo halali kina alama mbili, mgonjwa ameonewa, aruhusiwe leo hii hii, na suala langu lipelekwe utawala. Fundi akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Muulizeni mkasi wake uko wapi," nikasema.

"Sista, toka nje," akasema mtaalamu.

"Nitatoka. Muulizeni kwanza."

Daktari mkuu alikuwa anaandika. Akaacha. Akafunika kalamu yake, akaitia mfukoni, akamtazama fundi kwa mara ya kwanza kama anayemtambua.

"Fundi. Mkasi wako anao nani?"

"Nimempa mwenzangu," akasema fundi, mkono bado uko chini ya kitanda.

"Umemwazima?"

Fundi akavuta kiatu kimoja. Daktari akamgeukia kaka.

"Habari zake za nyumbani ni zipi?"

"Nzuri tu, daktari," akasema kaka. Daktari akasubiri. Alisubiri bila kutazama saa, mzee yule, mikono nyuma, na wote tukasubiri naye. "Ila ameniambia nigawe vitu. Mkasi kweli ameutoa, nimeupeleka mwenyewe juzi. Na msahafu ameniambia niuhamishie kwangu. Nilidhani anaona mambo yamekwisha ya ushonaji, ataanza biashara nyingine."

"Baba yangu aliuza vitambaa Kariakoo tangu sijazaliwa," daktari akasema. Alikuwa anamwambia fundi peke yake. "Mafundi wanne kwenye baraza yetu. Mmoja alifiwa, mmoja alifilisika, mmoja alifungwa jela. Nilipokuwa mdogo niligusa mkasi wa mmoja wao nikapigwa na baba yangu, siyo na fundi. Sijaona fundi aliye hai akitoa mkasi. Unaenda wapi, fundi, ambako hutauhitaji?"

Fundi alijiinua, akaketi kitandani, kiatu kimoja mkononi. Ule wepesi wote ukamtoka usoni, na chini yake kulikuwa na mtu aliyechoka kiasi kwamba nilitamani nisingemwona.

"Sasa na ninyi mnanitakia nini?" akasema. "Kwa nini hamniachi?"

Lilikuwa ndilo jibu. Hakuna kisanduku kingelibeba. Kaka yake alianza kulia kwa sauti, akamkumbatia na kiatu chake. Daktari akavuta kiti, akasema mgonjwa anabaki, na kwamba anayetaka kuendelea na raundi aendelee, yeye atakaa hapo kidogo.

Usidhani nilisifiwa. Siku mbili baadaye daktari mkuu aliniita. Barua ya onyo alikuwa ameisaini yeye.

"Ungeweza kumfungia ndani mtu asiye na tatizo," akaniambia. "Kesho mwingine atapika majibu kwa sababu hampendi mgonjwa. Kwa nini hukuja kwangu?"

Nilisimama pale na mdomo wangu wote, nikaikunja barua. Ukweli ni kwamba haikunijia kichwani. Nesi alikuwa haendi kwa daktari mkuu kumruka mtaalamu, tena kwa habari ya mkasi. Mlango wake ulikuwa hatua ishirini kutoka chumba cha dawa, wazi, na mimi niliona ni rahisi zaidi kudanganya. Nilimkasirikia kwa kuniuliza. Bado ninamkasirikia kidogo, na amekwisha kufariki. Nilihamishiwa kliniki ya mama na mtoto, hapohapo hospitalini, kupima uzito wa vichanga wanaolia.

Miezi kadhaa baadaye nilipita wodini kuchukua sweta yangu, nikaona fomu mpya mezani. Maswali yaleyale ishirini. Lakini chini kabisa palikuwa na mistari minne mitupu, na juu ya mistari ile maneno mawili yaliyopigwa chapa: Muulizaji asubiri. Niliuliza nani ameongeza. Wakaniambia mtaalamu, na siku hizi anauliza mwenyewe, ameketi, pazia limefungwa, halafu anakaa na mgonjwa mpaka chai inapoa. Hakuja kuniambia. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Tulipishana mara nyingi kwenye ile njia ya kwenda jikoni, tukasalimiana habari, nzuri, habari, nzuri, kila mmoja akaenda zake.

Fundi alikaa wodini miezi miwili zaidi. Nilikuwa nikipita uani anaondoa kiti chake na kunipa mgongo. Nilimtumia salamu kupitia sista mkuu, zikarudi. Nilisikia ameruhusiwa, nikasikia anakunywa dawa, anahudhuria kliniki kila mwezi, kaka yake anafuatana naye. Nikasikia anasema kwa watu kwamba kuna nesi mmoja hatamsamehe mpaka kaburini. Niliposikia kaburini, hasira ilinipanda, nikamjibu aliyeniletea habari kwamba haidhuru, mradi achelewe kufika huko.

Miaka ikapita, sikumbuki mingapi. Siku moja nilikuwa Kariakoo na sketi niliyoinunua kwenye mitumba, ndefu, inaburuta. Mafundi waliobaki sasa walikuwa wanaishi kwa hiyo hiyo mitumba iliyowafilisi, wanapunguza kiuno, wanakata miguu ya suruali za Wazungu warefu. Nilijua baraza yake ilipo. Kwa muda wote ule nilikuwa nazunguka mtaa mzima ili nisipite pale. Siku hiyo miguu ilikuwa inauma na jua lilikuwa kali, nikajiambia basi, akitukana atukane.

Alikuwepo. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniona kabla sijafika, uso ukakaza.

"Shikamoo, fundi."

Shikamoo huwezi kuiacha chini. Akaikokota: "Marahaba."

Nikampa sketi. Aliichukua bila kunigusa vidole, akaitandaza mezani, akapima kwa macho, akaweka alama ya chaki. Hakuniuliza nataka ifike wapi. Nilisimama pale juani na mdomo wangu, na jambo pekee lililonijia ni lile ambalo kila mtu humwambia kila mtu.

"Habari za siku nyingi?"

Alipiga mstari wa pili wa chaki, akaufuta. Kisha akajibu jibu ambalo sijawahi kulisikia likitangulia, kwa mgonjwa wala kwa mzima.

"Mbaya," akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa. Akaingiza mkono chini ya paja, akautoa mkasi, mweusi, mpini umeng'aa kwa kushikwa. "Ila mkasi ninao."

Akanionyesha kwa ncha yake mahali pa kukaa, pembeni, mbali naye. Nikakaa, nikasubiri.